Ufafanuzi: Bei, Punguzo na Mpango wa Matumizi katika Ununuzi wa Ndege Kubwa za Abiria

Wananchi wa Jiji la Arusha na wa vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru ni miongoni mwa Watanzania wanaoguswa kwa karibu zaidi na maamuzi ya ununuzi wa ndege. Waongoza watalii, wapagazi, wenye hoteli, madereva wa magari ya utalii na wakulima wa maua na mbogamboga wa Wilaya ya Arumeru hutegemea, kila mmoja kwa namna yake, idadi ya ndege zinazotua katika Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Kilimanjaro (KIA). Hata hivyo, taarifa za ununuzi wa ndege hutolewa kwa takwimu kubwa za fedha ambazo si rahisi kwa mwananchi kuzipima. Makala haya yanaeleza namna ndege hizo zinavyopangiwa bei, sababu za watengenezaji kutoa punguzo, na mambo yanayoamua iwapo punguzo hilo lina faida kwa Taifa.

Historia kwa ufupi

Usafiri wa anga wa pamoja wa Afrika Mashariki ulianza mwaka 1946 kwa kuundwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililohudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Shirika hilo liliingia katika zama za ndege za jeti mwaka 1960 kwa ndege aina ya Comet 4, na mwaka 1966 likaanza kupokea Super VC10 kwa safari za masafa marefu. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuanzishwa mwaka 1967, makao yake makuu yakiwa Arusha, shirika hilo likawa mojawapo ya mashirika ya Jumuiya. KIA kilifunguliwa mwaka 1971, kwa lengo la kuwafikisha wageni moja kwa moja katika ukanda wa utalii wa kaskazini.

Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliunda shirika lake tarehe 11 Machi mwaka huo. Mwaka 2002 hisa asilimia 49 ziliuzwa kwa Shirika la Ndege la Afrika Kusini, ubia uliovunjika mwaka 2006. Kufikia mwaka 2016 Kampuni ya Ndege Tanzania (ATCL) ilikuwa imebakiwa na ndege moja tu inayofanya kazi. Ufufuaji ulianza Septemba 2016 kwa kupokelewa ndege mbili za Dash 8 Q400 zenye viti 76 kila moja.

Tarehe 8 Julai 2018 iliwasili Boeing 787-8 ya kwanza, yenye viti 262, na Desemba mwaka huo Airbus A220-300 ya kwanza, yenye viti 132. Boeing 787-8 ya pili ilipokelewa Oktoba 2019. Juni 2023 ilipokelewa ndege ya mizigo ya Boeing 767-300F yenye uwezo wa kubeba tani 54, ikifuatiwa na Boeing 737 MAX 9 mwezi Oktoba. Boeing 787-8 ya tatu iliwasili Agosti 2024. Ndege hizo zinamilikiwa na Serikali kupitia Wakala wa Ndege za Serikali (TGFA), na ATCL huzikodi kwa ajili ya kuzifanyia biashara.

Ndege kubwa ni ipi

Katika lugha ya usafiri wa anga, ndege kubwa ni ile yenye njia mbili za kupita kati ya safu za viti. Boeing 787, Boeing 777 na Airbus A330 zimo katika kundi hilo, ilhali A220 na 737 zina njia moja. Tofauti hiyo si ya ukubwa wa mwili pekee. Ndege ya njia mbili huruka masafa marefu zaidi na hubeba mizigo mingi chini ya sakafu ya abiria. Pia hudai karakana kubwa zaidi, vipuri vya gharama ya juu na marubani waliofunzwa kwa aina hiyo mahususi.

Boeing 787-8 ina uwezo wa kuruka takriban kilomita 13,500 bila kutua. Umbali kutoka Dar es Salaam hadi Guangzhou nchini China unazidi kilomita 8,000, na hadi Mumbai nchini India ni chini ya kilomita 5,000. Hivyo safari zote mbili ziko ndani ya uwezo wa ndege hiyo, na masafa mengi hubaki bila kutumika. Swali la kwanza la mpangaji wa ndege linaanzia hapa: uwezo unaolipiwa unalingana na safari zitakazofanyika?

Bei ya orodha na bei halisi

Novemba 2021, katika Maonesho ya Anga ya Dubai, kampuni ya Boeing ilitangaza kuwa Tanzania imeagiza ndege nne: 787-8 moja, 767-300F moja na 737 MAX mbili. Thamani iliyotajwa ilikuwa zaidi ya Dola za Marekani milioni 726 kwa bei ya orodha. Maneno matatu ya mwisho ndiyo yanayohitaji kuzingatiwa. Bei ya orodha ni bei inayochapishwa na mtengenezaji kabla ya mazungumzo. Kwa 787-8, bei hiyo ilikuwa Dola milioni 224.6 mwaka 2016 na ilipanda hadi Dola milioni 239 mwaka 2018.

Katika sekta hii karibu hakuna mnunuzi anayelipa bei ya orodha. Wachambuzi hukadiria kuwa punguzo la kati ya asilimia 40 na 60 ni jambo la kawaida, hasa kwa oda kubwa. Kiasi halisi hubaki siri ya mkataba, kwa sababu mtengenezaji hataki mteja mwingine akitumie kama kigezo cha kudai nafuu. Kampuni ya Airbus iliacha kuchapisha bei za orodha baada ya zile za mwaka 2018.

Kwa hiyo, tangazo linaposema ndege fulani imenunuliwa kwa punguzo la asilimia kadhaa kutoka bei ya orodha, hilo peke yake halithibitishi kuwa mnunuzi amepata nafuu. Kipimo sahihi ni bei ambayo wanunuzi wengine wa ndege ya aina hiyo walilipa katika kipindi hicho hicho.

Sababu za punguzo

Watengenezaji hupunguza bei kwa sababu zinazojulikana, na kila sababu huja na gharama yake.

Sababu ya kwanza ni wingi. Kampuni inayoagiza ndege 50 ina nguvu ya mazungumzo isiyo nayo nchi inayoagiza moja au mbili. Taifa lenye oda ndogo hulazimika kutafuta nafuu kwa njia nyingine, kama vile kujumuisha mafunzo ya marubani, vipuri vya awali na huduma za kitaalamu ndani ya bei.

Sababu ya pili ni muda. Mtengenezaji hutoa masharti mepesi kwa wateja wa mwanzo wa aina mpya ya ndege, na pia mwishoni mwa uzalishaji wake, wakati wateja wamehamia aina nyingine. Mnunuzi wa mwanzo hubeba hatari ya kasoro ambazo hazijajulikana. Mnunuzi wa mwisho hubeba hatari ya vipuri kuadimika na thamani ya ndege kushuka kwa haraka.

Sababu ya tatu ni ndege iliyokwisha kuundwa lakini ikakosa mwenyewe, ama kwa sababu mteja wa awali alifilisika au alibadili mawazo. Kila mwezi ndege hiyo ikiegeshwa humgharimu mtengenezaji, naye huwa tayari kuiuza kwa bei ya chini. Mnunuzi huipata mapema, lakini hukubali mpangilio wa viti na vifaa uliochaguliwa na mtu mwingine, au hulipia kuubadilisha.

Sababu ya nne ni upungufu wa kiufundi unaojulikana. Mfano maarufu ni Boeing 787 za mwanzo kabisa, zilizoundwa kabla uzalishaji haujatengemaa. Zilikuwa nzito kuliko ilivyokusudiwa, zilihitaji marekebisho mengi, na baadhi ziliegeshwa kwa miaka kadhaa zikisubiri wanunuzi. Baadaye ziliuzwa kwa bei ya chini sana, na Shirika la Ndege la Ethiopia lilikuwa miongoni mwa waliozichukua. Uzito wa ziada hupunguza masafa na huongeza matumizi ya mafuta. Shirika ambalo safari zake ni za masafa ya kati na ambalo lina mafundi wengi laweza kunufaika na ndege ya namna hiyo. Shirika changa lenye ndege moja au mbili haliwezi kumudu hatari hiyo kwa urahisi. Ndege ya kwanza ya Tanzania ya aina ya 787-8 ilikuwa mpya iliyotoka kiwandani mwaka 2018.

Nafuu ya kununua na hasara ya kuuza

Ndege iliyonunuliwa kwa bei ndogo huuzwa pia kwa bei ndogo. Serikali ya Mexico ilinunua mojawapo ya 787 za mwanzo kwa ajili ya safari za Rais, kwa takriban Dola milioni 218. Ilipoamua kuiuza, ilichukua miaka kumpata mnunuzi, na mwaka 2023 iliiuza kwa Serikali ya Tajikistan kwa takriban Dola milioni 92. Ndege hiyo ilikuwa imetumika kwa muda mfupi tu.

Hapa Afrika Mashariki, Uganda ilipokea Airbus A330-800 mbili kati ya Desemba 2020 na Februari 2021. Aina hiyo ni ya kisasa na ina ufanisi wa mafuta, lakini imepata wanunuzi wachache sana duniani. Uchache huo humfaa mnunuzi wakati wa kujadili bei. Siku ya kuuza, au ya kuazima vipuri kwa jirani, uchache huo huo humwelemea.

Shirika la Ndege la Kenya lilitoa funzo la aina nyingine. Lilipanua idadi ya ndege zake kubwa kwa matarajio ya ukuaji ambao haukutokea kwa kasi iliyotarajiwa. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2016 lilipata hasara ya takriban Shilingi za Kenya bilioni 26, na likalazimika kukodisha Boeing 777-300ER tatu kwa Shirika la Ndege la Uturuki na 787 mbili kwa shirika la Oman. Ndege zenyewe hazikuwa na kasoro. Tatizo lilikuwa ulinganifu wake na abiria waliokuwapo na madeni yaliyozinunua.

Hesabu ya matumizi

Ndege kubwa huzalisha fedha inapokuwa angani. Ikiegeshwa, gharama za bima, mishahara ya marubani, uchakavu na malipo ya ukodishaji huendelea kama kawaida. Kwa mfano, safari ya Dar es Salaam hadi London huchukua takriban saa 10. Kwenda na kurudi ni saa 20, na ukiongeza saa mbili za maandalizi katika kila kituo zinatimia saa 24. Shirika lenye ndege moja likitangaza safari ya kila siku katika njia hiyo halitakuwa na saa hata moja ya matengenezo, na hitilafu moja itavuruga ratiba ya wiki nzima. Ndiyo maana wapangaji husema huduma ya uhakika ya masafa marefu huhitaji ndege mbili au tatu za aina moja.

Upande wa pili ni abiria. Ndege yenye viti 262 ikisafiri mara tatu kwa wiki huhitaji abiria 786 kwa kila upande ili ijae, na takriban 590 ili kufikia robo tatu. Idadi hiyo inapaswa kupatikana Machi na Aprili, wakati mvua za masika zinaponyesha na kambi nyingi za utalii hupunguza huduma, sawa na inavyopatikana Julai na Agosti.

Hali hiyo inaeleza kwa nini mashirika ya kigeni yanayotua KIA mara nyingi huunganisha safari hiyo na Dar es Salaam au Zanzibar. Shirika la KLM la Uholanzi kwa miaka mingi limekuwa likitua KIA kisha kuendelea hadi Dar es Salaam. Kwa njia hiyo viti vinavyoachwa na watalii kaskazini hujazwa na wafanyabiashara wa pwani.

Mazingira ya KIA na Arusha

KIA kipo takriban mita 890 juu ya usawa wa bahari, na njia yake ya kurukia ina urefu wa takriban mita 3,600. Urefu huo unatosha ndege kubwa, lakini mwinuko na joto la mchana hufanya hewa kuwa nyepesi, hivyo ndege yenye mafuta ya safari ndefu huweza kulazimika kupunguza mzigo. Mafuta nayo husafirishwa kwa malori kutoka bandarini, jambo linaloongeza gharama. Kiwanja cha Ndege cha Arusha kilichopo Kisongo kipo juu zaidi, karibu mita 1,390, na njia yake ni fupi. Hicho hutumiwa na ndege ndogo na za propela zinazowapeleka wageni Serengeti, Ngorongoro na Zanzibar.

Kwa mkulima wa Usa River au Tengeru, jambo la msingi ni nafasi ya mizigo. Kwa miaka mingi maua na mbogamboga za kaskazini zimekuwa zikisafirishwa kwa barabara hadi Nairobi ili kupandishwa ndege kwenda Ulaya. Ndege kubwa ya abiria inayotua KIA kwa ratiba ya uhakika hubeba mzigo huo chini ya sakafu yake. Ua likichelewa siku moja hupoteza thamani. Kwa hiyo ratiba inayotegemeka ina thamani kwa mkulima kuliko ukubwa wa ndege. KIA pia ndipo ilipo karakana ya matengenezo ya ATCL, inayofahamika kama KIMAFA, inayotoa nafasi za kazi na mafunzo kwa mafundi wa kitanzania.

Gharama baada ya ununuzi

Injini ni sehemu ya gharama ambayo bei ya ununuzi haiioneshi. Injini za Trent 1000 zilizofungwa kwenye 787 za Tanzania, pamoja na zile za Pratt & Whitney zilizofungwa kwenye A220, zimekumbwa na matatizo ya uimara yaliyoathiri mashirika mengi duniani, na ATCL ililazimika kuegesha baadhi ya ndege zake. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zilionesha kuwa ATCL ilipata hasara ya Sh. bilioni 56.64 mwaka 2022/23 na Sh. bilioni 91.8 mwaka 2023/24, huku kuegeshwa kwa ndege kukitajwa miongoni mwa sababu. Mnunuzi makini hujadili mkataba wa matengenezo ya injini na fidia ya ndege kusimama wakati ule ule wa kujadili bei, kwa sababu baada ya kusaini uwezo wake wa kudai hupungua.

Umiliki nao una athari zake. Kununua kwa fedha za Serikali huondoa riba ya mkopo, lakini hufanya ndege kuwa mali ya Serikali inayoweza kulengwa na wadai wake nje ya nchi. Agosti 2019 ndege ya A220 ilizuiwa Johannesburg kwa shauri la mdai wa zamani wa ardhi, na iliachiwa kwa uamuzi wa mahakama tarehe 4 Septemba mwaka huo.

La tatu ni kibali cha usalama. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka ATCL katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga yake, na Juni 2025 uliongeza mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania, ukitaja mapungufu katika usimamizi wa usalama wa anga. Ndege yenye uwezo wa kufika Ulaya haiwezi kuleta watalii kutoka huko pasipo kibali hicho. Suala hilo linaigusa Arusha hata katika safari za ndani, kwa kuwa sheria za Ulaya humpa msafiri haki ya kujulishwa jina la shirika litakalomsafirisha. Kuondolewa katika orodha hutegemea ukaguzi, wataalamu na kumbukumbu za Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), kazi ambayo gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya ndege moja.

Mambo ya kuzingatia katika tangazo la ununuzi

Mwananchi anayesoma tangazo la ununuzi wa ndege anaweza kulipima kwa kuangalia mambo yafuatayo:

1. Iwapo kiasi kilichotajwa ni bei ya orodha au bei ya mkataba.
2. Sababu ya punguzo: wingi, muda, ndege iliyokosa mwenyewe au upungufu wa kiufundi.
3. Njia ambazo ndege itahudumia, mara ngapi kwa wiki, na vibali vilivyokwisha kupatikana.
4. Idadi ya ndege za aina hiyo ambazo shirika linazo, ili moja ikisimama nyingine ichukue nafasi.
5. Mkataba wa matengenezo ya injini na muda wake.
6. Thamani inayotarajiwa ya ndege baada ya miaka 10 au 12.

Taarifa za ukaguzi wa mashirika ya umma, ikiwemo ATCL, huwasilishwa bungeni kila mwaka kupitia ripoti ya CAG na hupatikana kwa wananchi wote. Kwa wakazi wa Arusha, ripoti hizo zikisomwa pamoja na ratiba ya safari za KIA huonesha iwapo ndege zilizonunuliwa kwa kodi zao zinatua kaskazini, kwa siku zipi, na zikiwa na mzigo kiasi gani.